MSONOBARI UGENINI
Kuhusu vichaka vinavyotaka kufyekwa kwa jina la kupanda miti



Neno «mazingira» limekuwa tamu mno vinywani mwetu, na kila neno linapokuwa tamu kupita kiasi yatupasa kuuliza linafunika nini. Huku kwetu Magu, kuanzia kingo za Mto Simiyu hadi vilima vya mawe vinavyoitazama Ghuba ya Speke, pendekezo moja limekuwa likizunguka kutoka kikao hadi kikao: kwamba vichaka vilivyosalia vilimani na mabondeni, ambavyo baadhi yetu huviita pori lisilo na kazi, vifyekwe, na mahali pake ipandwe misonobari, au mipaini kama wasemavyo mabwana misitu, ili baada ya miaka kadhaa tupate mbao, fedha za kujitegemea, na juu ya hayo sifa ya kuwa watunzaji wa uumbaji. Watetezi wa pendekezo hili ni watu waadilifu, na wengine wao ni nguzo za parokia. Hata hivyo nasema wazi kwamba pendekezo lenyewe ni baya, na kwamba Kamati za Haki na Amani hazina budi kulipinga kabla panga la kwanza halijanolewa.

Tuanze kwa kuutendea haki msonobari wenyewe, maana haujatukosea kitu. Msonobari ni mti wa nusu ya kaskazini ya dunia. Zipo aina zaidi ya mia moja, na katika hizo zote ni moja tu inayovuka mstari wa ikweta kwa asili yake, nayo iko mbali sana, katika kisiwa cha Sumatra. Afrika inayo misonobari yake ya asili, lakini ni kule Morocco, Algeria na Tunisia. Tanzania hatuna hata mmoja. (Wapo wanaoutaja mwangati na podo wa milimani, hiyo ni miti mingine kabisa, na wala haioti katika mbuga zetu.) Ile misonobari ya Sao Hill kule Mufindi, inayojulikana nchi nzima kwa mbao zake, asili yake ni Mexico, na ile tunayoiona tukivuka ziwa kwenda Rubya katika Ukerewe, au Buhindi, nayo ilitoka ng'ambo ya bahari.

Sasa tazameni jinsi mti huu ulivyo mkarimu unapokuwa kwao. Katika milima mirefu ya magharibi mwa Marekani na Kanada kuna msonobari wa gome jeupe. Koni zake hazifunguki zenyewe ili mbegu zianguke. Yupo ndege wa jamii ya kunguru ambaye huzipasua kwa mdomo wake, akazijaza mbegu katika kifuko kilicho chini ya ulimi, kisha akaenda kuzifukia ardhini huku na huku, maelfu kwa maelfu, ziwe akiba yake ya majira ya baridi. Zile asizozirudia ndizo zinazoota. Kwa hiyo msitu mzima hupandwa na ndege. Kindi naye hukusanya koni na kuzilimbika, na dubu huja kuifukua ghala ya kindi akanenepa kwayo kabla ya kulala usingizi wa baridi. Chini ya kivuli cha mti huohuo theluji huyeyuka polepole na mito ikapata maji hata majira ya joto. Mti mmoja, na kijiji kizima cha viumbe kikiutegemea.

Na ni kitu gani kinachoua msonobari huo leo, hata serikali ya Marekani ikauweka mwezi Desemba 2022 katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini? Sababu ni kadhaa, zikiwamo wadudu na joto linaloongezeka. Lakini mojawapo kubwa ni ukungu uliotoka ng'ambo, ambao uliingia mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na miche iliyoagizwa kutoka nje. Watu walileta miche wakidhani wanaleta miti tu.

Hapa ndipo penye fundisho kwetu. Mti hausafiri na kijiji chake. Msonobari ulipoletwa Afrika, yule ndege hakuja, wala kindi, wala dubu. Naam, hata vile viumbe vidogo vya aina ya uyoga, ambavyo huishi katika mizizi yake na kuisaidia kunyonya chakula, havikuja. Ndiyo maana katika nchi kadhaa za bara letu miche ya kwanza ilikuwa midhaifu, ikawa ya manjano na kufa, mpaka wataalamu walipoleta udongo wenye uyoga huo na kuuchanganya katika vitalu. Mti usioweza hata kusimama bila kuletewa udongo wa kwao, ndio tuutegemee uwalishe kanga na kwale wa Magu? Ingia katika shamba la misonobari iliyokomaa usikilize. Utasikia upepo. Majani yake makavu, yaliyo kama sindano, hutanda ardhini na kuoza polepole sana, na chini yake nyasi huota kwa shida. Ng'ombe hapati kitu. Nyuki hapati kitu, kwa maana msonobari hauna ua lenye asali.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliligusa jambo hili kwa jina lake. Katika aya ya 39 alionya kwamba kuondoa misitu ya asili na kuweka mashamba ya miti, ambayo mara nyingi huwa ya aina moja tu, ni jambo ambalo ni nadra kuchunguzwa ipasavyo, na kwamba laweza kuharibu vibaya wingi wa viumbe ambavyo mti mgeni hauwezi kuvipokea. Na miaka 25 kabla yake, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili aliunganisha amani ya wanadamu na amani pamoja na viumbe vyote. Basi, yule anayesema kwamba mambo ya miti hayaihusu Kamati ya Haki na Amani, aseme pia kwamba Mapapa hao wawili walikosa kazi ya kufanya.

Twende sasa katika lile pori «lisilo na kazi».

Katika udongo mweusi wa mbuga kuna mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba kama vibuyu vidogo, ambayo upepo ukipita hupiga mluzi. Ndani ya vibuyu hivyo wanaishi sisimizi. Mti huwapa nyumba na utamu wa kunywa, nao huulinda: twiga au mbuzi akitia mdomo hushambuliwa. Migunga mingine, ile mirefu, hudondosha maganda yake wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha, na kila mchungaji wa Kisukuma anajua kwamba mbuzi wake huyakimbilia. Tena mizizi ya migunga mingi hurutubisha udongo kwa msaada wa vijidudu vinavyonasa hewa ya nitrojeni, kama yafanyavyo maharage. Mkwaju hutupatia bushishi za kutia katika uji. Mbuyu hufungua maua yake usiku, na popo ndiye anayeyachavusha. Katika mashimo ya shina lake bundi na ndege wengine hutaga mayai. Katika vilima vya mawe mizizi ya miti ya jamii ya mikuyu hushikamana na mwamba, na pimbi hujificha chini yake. Nani kati yetu alipanda hata mmoja katika miti hiyo? Ilipandwa na ndege, na mbuzi, na maji ya mvua, bila bajeti ya mfadhili.

Lakini ningependa kukaa kidogo juu ya mkuyu, kwa sababu ni mti wetu na ni mti wa Maandiko pia. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, aliupanda mkuyu pale Yeriko ili amwone Yesu (Luka 19), na mkuyu ule ni wa aina ileile inayoota kando ya Mto Simiyu. Ni mti wa Afrika uliopelekwa Misri na Palestina zamani sana. Sasa, kila aina ya mkuyu ina nyigu wake mdogo, mdogo kuliko chawa, aingiaye ndani ya tunda na kuchavusha maua yaliyofichika humo. Bila yeye hakuna mbegu. Mkuyu ulipopelekwa kule, nyigu huyo hakufuatana nao. Kwa hiyo kule mkuyu hauzai mbegu hata leo. Watu wa kale waliupanda kwa vipandikizi, na ili tunda livimbe na kuiva iliwabidi kulichanja kwa kisu, tunda moja baada ya jingine. Nabii Amosi alipojitambulisha kuwa mchungaji na mtunza mikuyu (Amosi 7:14), wasomi wengi wa Maandiko wanaelewa kwamba kazi yake ilikuwa hiyo ya kuchanja matunda. Kule ugenini ilihitajika jasho la nabii ili mkuyu uivishe tunda lake. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa bure na mdudu usiyemwona, na matunda yake hulisha ninga, tumbili na popo, ambao nao huzitawanya mbegu kando ya mto wote. Ndio mti huu unaotajwa katika mapendekezo kuwa «kichaka».

Nasikia jibu: «Padre, pori likiachwa haliwezi kurudi tena, ardhi imechoka.» La hasha. Jirani zetu wa Shinyanga wametoa jawabu, na Wasukuma hatuna haja ya kulitafuta ng'ambo.

Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka mapori ya Usukuma ili kumwondoa mbung'o. Baadaye pamba ikadai mashamba zaidi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka katika maeneo waliyokuwa wakiyatunza, na ngitili zao zikabaki bila mwenyewe. Mkoa wa Shinyanga ukafikia kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule ujulikanao kama HASHI, ngitili zilizoandikwa zilikuwa takribani hekta 600 tu. Kwanza nguvu nyingi zilielekezwa katika vitalu na ugawaji wa miche. Kisha wataalamu, kwa unyenyekevu unaostahili pongezi, wakawasikiliza wazee. Wazee walisema: fungeni eneo, mizizi bado iko hai. Ngitili ni nini? Ni malisho yanayofungwa mvua zianzapo na kufunguliwa katikati ya kiangazi, kwanza kwa ndama na maksai wa kulimia. Sheria zake zilisimamiwa na dagashida, na sungusungu walimtoza faini mvunjaji. Eneo likifungwa, visiki vilivyokuwa vimelala ardhini huchipua.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mradi ulifungwa mwaka 2004. Utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulikuta katika ngitili hizo zaidi ya aina mia moja za miti, vichaka na mimea ya kutambaa, na wanyama na ndege waliokuwa wametoweka wakiwa wamerejea. Tena ulionyesha kwamba watu walipata humo kuni, asali, dawa, matunda, malisho na nyasi za kuezekea, na kwamba thamani ya vitu hivyo kwa kaya ilikuwa kubwa. Jambo hili lilifanyika katika ardhi kavu kuliko yetu, kwa watu wa lugha yetu na desturi zetu. Hatuwezi kusingizia kutojua.

Sitakwepa swali la fedha, maana ndilo lililo moyoni mwa pendekezo zima. Ni kweli kwamba ubao wa msonobari una soko. Lakini msonobari wa Mufindi uko juu milimani penye baridi na mvua, na ule wa Ukerewe unapata mvua nyingi kuliko Magu. Sisi tunao miezi ya kiangazi ambayo hata mihogo huilalamikia. Anayetaka kupanda misonobari au mikaratusi katika kiunga chake mwenyewe, mahali palipokwisha kulimwa na kuchoka, ili apate nguzo na mbao, apande. Simzuii, na afadhali akate huko kuliko kukata mninga wa porini. Ninachopinga ni kuuondoa msitu ulio hai ili kuweka shamba lililo kama mahindi marefu, kisha kuliita msitu.

Na maji? Waafrika Kusini walianza tangu miaka ya 1930 kupima vijito katika mabonde yaliyopandwa misonobari kule Jonkershoek, wakaona kwa vipimo vya miaka mingi kwamba maji ya vijito hupungua miti hiyo inapokua. Tangu mwaka 1995 serikali yao imekuwa ikiwalipa watu kung'oa miti migeni iliyotapakaa katika vyanzo vya maji. Kenya mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito. Wenzetu wanalipa ili kung'oa. Sisi tunachangishana ili kupanda. Na Mto Simiyu, unaokauka na kufurika kwa zamu, ndio tunaotaka kuufanyia jaribio.

Isitoshe, watu wa ziwa hili hawahitaji kuhubiriwa juu ya kiumbe mgeni. Sangara aliwekwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na ziwa lililokuwa na mamia ya aina za furu likapoteza sehemu kubwa sana ya samaki hao, kwa meno ya sangara pamoja na uchafuzi wa maji. Viwanda vilijengwa, fedha zikaja, sikatai. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na katika soko la kijijini mama maskini akabaki akinunua mapanki. Kabla ya kubadilisha pori kuwa shamba la mbao, ulizeni minofu itakwenda wapi, na nani ataachiwa mapanki.

Swali hili linanifikisha kwa wale wasiokaa katika vikao vya miradi. Kuni za nyumbani zinatoka katika vichaka vinavyodharauliwa, nazo huokotwa na wanawake na wasichana. Kichaka kikifyekwa, safari ya kuni hurefuka, na miche ya msonobari hailetei jiko hata kijiti kimoja kwa miaka mingi. Tena itakapokua itakuwa na mwenyewe, na mlinzi, na faini. Mwanamke asiyekuwa na nguvu za kwenda mbali hupika kwa mabua na samadi kavu. Moshi wake mnaujua. Miaka nenda, miaka rudi, vikongwe wa Usukuma wamekuwa wakiuawa kwa panga kwa tuhuma za uchawi, na «ushahidi» unaotolewa dhidi yao mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yameiva kwa moshi! Sisemi kwamba ngitili peke yake itakomesha mauaji hayo. Yana mizizi katika uongo wa waganga wapiga ramli, katika tamaa ya ardhi na mirathi, na katika ukimya wetu. Lakini mtu asiniambie kwamba ni mradi wa haki na amani ule unaoanza kwa kumwondolea kikongwe kuni zake.

Neno moja kuhusu majengo yetu. Tanuri la matofali ya kuchoma hula magogo mengi, nayo hayatoki katika misonobari. Parokia inayojenga na itazame matofali ya kufyatua kwa udongo na saruji kidogo, yasiyohitaji moto.

Basi, yapo mambo ya kufanya sasa, na sheria iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndipo mahali pa kuhoji matumizi yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake kuwa Hifadhi ya Msitu wa Kijiji, chenye mpango wake wa usimamizi na sheria ndogo zake. Kwa hiyo kila Kamati ya Haki na Amani ya kigango iombe kwa maandishi kwamba jambo la vichaka vilivyosalia liwe ajenda katika mkutano mkuu ujao, na ihakikishe kwamba uamuzi unaandikwa katika muhtasari, mipaka ikitajwa kwa majina ya miti, mawe na vijito ambavyo wazee wanavijua. Nendeni na wanawake wenu, nao waseme wenyewe kuhusu kuni. Waislamu, Waafrika Inland na wasio na dini wana haki sawa katika pori hilo, kwa hiyo msiende kama Wakatoliki peke yenu.

Kabla ya mkutano, wazee wawili au watatu wapite katika kichaka pamoja na vijana wa shule na waandike kila mti kwa jina lake la Kisukuma na matumizi yake. Orodha hiyo iwekwe mezani pale itakapoulizwa pori lina kazi gani.

Na kwa jumuiya zinazotaka kuotesha miti ya kujazia mahali palipo wazi: mbegu za mkwaju zilowekwe usiku mmoja katika maji ya kawaida, za migunga na za mbuyu zina ganda gumu, hivyo zimwagiwe maji ya moto na kuachwa humo hadi kesho yake. Mkuyu hukubali kwa tawi nene lililokatwa na kuchomekwa katika udongo wenye unyevu kando ya mto, mvua zinapoanza. Zungushieni miiba, maana mbuzi hawajui mwaka huu tumekubaliana nini.